Stendi ya magari: imwagwe zege, au udongo uachwe ujisafishe?

Mchokoza Mada: Wakuu, stendi yoyote ya siku nyingi, fukua kiganja kimoja pale magari yanapolala. Udongo mweusi, unanata, na mvua ikinyesha maji yanagoma kuzama, yanabaki juu na ule utando wa rangi za upinde. Kuna wanaosema tuuache, vijidudu vya ardhini vitakula hiyo oili. Mimi nasema zege tu. Mafundi wanamwaga oili chafu kama wanamwagilia maua, bakteria gani atawaweza?

Spana 17: Maua?! Nina miaka ishirini chini ya magari. Oili naikingia beseni, naitia kwenye dumu. Wa kwanza kuja kuiomba ni ninyi wenye nyumba, mnapaka nguzo za uzio mchwa wasile. Mnaipeleka ardhini wenyewe, halafu mchafuzi mimi.

Kitabu Wazi: Tusitoke kwenye mada. Bakteria wala mafuta wapo, akina Pseudomonas. Mmoja aliyetengenezwa maabara aliombewa hatimiliki ya uvumbuzi Marekani, kesi ikafika Mahakama ya Juu 1980, majaji watano kwa wanne wakakubali. Na meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska 1989, ufukweni ilinyunyizwa mbolea ili bakteria waliopo wapate nitrojeni wachape kazi. Ila wanataka hewa. Udongo wa stendi umeshindiliwa na matairi mpaka jembe linadunda, hewa ipitie wapi? Ulimwe kwanza, utiwe mbolea na unyevu.

Msema Ovyo: Yaani bakteria ana hati, mimi kiwanja changu hakina.

Dada Maabara: @Kitabu Wazi umesema nusu. Oili inaliwa, madini ya risasi hayaliwi. Ni elementi, haiozi ikawa kitu kingine. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara 2006, ila iliyotua kwenye udongo haikuondoka nayo. Ongeza zinki ya matairi, shaba ya breki, betri zinazopasuliwa palepale.

Spana 17: Betri tena! Nimepasua lini?

Dada Maabara: Sijakutaja kaka yangu.

Spana 17: Umesema "zinazopasuliwa palepale". Pale nani mwenye nyundo, abiria?

Mchokoza Mada: Dada, petroli ya risasi imeisha 2021. Angalia vizuri.

Dada Maabara: 2021 ni Algeria, nchi ya mwisho duniani. Angalia wewe.

Msema Ovyo: 😂 Mwenye mada kapigwa kwenye mada yake.

Kitabu Wazi: Na hilo zege haliondoi kitu, linafunika. Oili mpya itateleza na mvua hadi mtaroni bila hata udongo wa kuichuja. Nalikubali kwa jambo moja: watoto wanaocheza pale hawatakula lile vumbi. Hilo peke yake si dogo.

Spana 17: Mimi bado nasubiri mtu afute maneno ya maua.

Dada Maabara: Fundi, wewe una haki yako. Hata ya nguzo ni kweli, oili iliyotumika ina vumbi la chuma la injini, ukipaka uzio umepeleka stendi nyumbani.

Spana 17: Asante! Sasa Mchokoza atuambie, uzio wake umepakwa nini?

Mchokoza Mada: Hiyo ni hoja binafsi.

Msema Ovyo: Weusi wake si wa rangi huo.

Mchokoza Mada: Ni nguzo nne tu jamani. Na mchwa wamerudi.