Miaka 9 ya karate, na kisu cha mazoezi bado kinanimaliza: nibakize nini, niache nini?

Mkanda_Kahawia
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Nimefanya karate miaka 9. Mwezi uliopita mimi na mwenzangu tulivaa fulana nyeupe, yeye akashika maka pen nyekundu badala ya kisu, tukapeana sekunde 30. Tulikubaliana ashambulie anavyotaka, si ile hatua moja ndefu na pigo moja tulilozoea darasani. Nilipovua fulana nilihesabu alama 14, mbili zikiwa kwenye ukosi, karibu kabisa na shingo. Za mikononi sikuzihesabu.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nakinga vizuri. Pigo la kwanza nilipangua, la pili nikapangua, ila mkono wake haukubaki hewani ukisubiri niushike. Ulirudi ukaja tena, ukarudi ukaja tena, kabla mimi sijarusha hata ngumi moja. Vigasha vyangu kwa ndani, pale mishipa inapoonekana, vilikuwa vyekundu tupu.

Sitaki kutembea na kisu. Ila nimeombwa niwasaidie vijana wa darasa la chini somo la kujihami dhidi ya kisu, na sasa naona nitawafundisha uongo utakaowaua. Je, niwafundishe nini? Na kuna haja ya mimi mwenyewe kujifunza kukitumia?

MzeeWaTatami
Pole kijana wangu, na hongera kwa kufanya jaribio ambalo wengi wanalikwepa.

Mimi ni mtu wa judo. Tuna Kime-no-kata, yaani kata (mpangilio wa mbinu unaofanywa na watu wawili kwa utaratibu uliopangwa) yenye mbinu 20, nane za kupiga magoti na 12 za kusimama, na kisu kimo humo. Mshambuliaji anakuja na pigo moja la wazi, mwenzake anamalizia. Usiidharau. Kata inakufundisha kusogeza mwili mzima nje ya mstari wa pigo badala ya kutegemea mkono peke yake. Tatizo linakuja pale mtu anapotoka kwenye kata akadhani ameshapigana.

Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Kano aliyeanzisha judo na wa Ueshiba aliyeanzisha aikido, alileta mashindano ya aikido ambamo mmoja anashika kisu laini na kuchoma kwa uhuru wake. Tazama mashindano hayo uone jinsi ilivyo kazi kukamata kifundo cha mkono wa mtu asiyetaka kukamatwa, na hapo wote ni watu wa mazoezi.

Njia_ya_Fimbo
Mkuu, nimekuwa kwenye eskrima, mchezo wa Kifilipino wa fimbo na visu, muda mrefu, ngoja nikujibu swali la pili kwanza: ndiyo, kishike. Kisu cha mbao au cha mpira, mwezi mzima. Sisi tunaanza na silaha kisha mikono mitupu inafuata kwa njia zilezile, nyinyi mnaanzia upande wa pili, na ndiyo maana mnapata shida hii.

Ukikishika utagundua jambo moja haraka: kisu hakihitaji nyonga. Ngumi yako ya karate ina nguvu kwa sababu kiuno kimezunguka na uzito umeingia. Kisu kinaumiza kwa kugusa tu. Kwa hiyo mwenye kisu hajitoi mzima kwenye pigo, na usipojitoa unarudi upesi. Ulikuwa unamsubiri mtu anayepiga kama wewe.

Sasa cha kubadili. Mkono unaorudi kiunoni, huo acha kabisa. Uweke mbele ya kifua, kiganja kikikutazama wewe, mgongo wa mkono nje. Vigasha vivyo hivyo, upande wa ndani ubaki kwako, maana ndani ndiko iliko mishipa mikubwa na kano za vidole. Kikikatwa cha nje utaumia, ila vidole bado vinaweza kufumba. Msimamo wako mrefu ufupishe, la sivyo paja la mbele linabaki kama zawadi. Mateke ya juu sahau, teke la ugoko lina kazi.

Cha kubakiza ni miguu. Kuingia kwa pembe, kutoka kwa pembe, kujua umbali kwa macho: hiyo miaka 9 haijapotea.

Kimbia_Kwanza
Mnaongea vizuri, ila vijana waambiwe kukimbia kwanza. Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu anafika kwako kutoka futi 21, yaani mita 6 na kidogo, kwa takriban sekunde moja na nusu. Kwa mita mbili huna muda wa kuchagua mbinu. Wafundishe kuona mkono uliofichwa nyuma ya paja mapema.

Mieleka_Tu
Nakubali, ila kuna siku umebanwa ukutani. Hapo usikimbizane na kifundo cha mkono. Mikono yako miwili kwenye mkono wake mmoja, mmoja juu ya kiwiko, paji lako limegandamana na bega lake, unambana. Usiende chini kwa hiari. Ukilala chali umeyaacha mapaja na tumbo wazi.

Dada_Muuguzi
Naomba niongeze la kazini kwangu. Wengi wanaofika na majeraha ya kisu wamekatwa viganja na vigasha, kwa sababu mtu huinua mikono bila kufikiri. Kwa hiyo kaka, kule kugeuza vigasha kuwe mazoea kabisa, kusiwe jambo la kukumbuka.

Mazoezini vaeni miwani ya kinga, hata kwa kisu cha mpira. Kisu cha chuma kisiingie darasani, hata kiwe butu. Na vijana wafundishwe hili pia: ukiona damu inatoka kwa kasi, kandamiza kwa kitambaa kwa nguvu na usiachie kuchungulia. Kisu kikiwa kimekwama mwilini, kiache hapohapo mpaka hospitali.

Mkanda_Kahawia
Nashukuruni sana wote. Nimerudi na matokeo baada ya wiki tatu.

Sekunde 30 zilezile, fulana mpya. Alama 6. Vigasha kwa ndani havina hata mstari mmoja, mgongo wa mkono wa kushoto ndio uliochorwa. Mara mbili nilitoka kabisa mpaka mlangoni bila kuguswa, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Ila alama ya ukosini bado ipo, moja. Nilikuwa nimeshika mkono wake kwa miwili kama alivyosema Mieleka_Tu, akaihamishia kalamu mkono wa pili, akanigusa.

Njia_ya_Fimbo
Ulisimama mbele yake, sivyo?

Mkanda_Kahawia
Ndiyo, kifua kwa kifua.

Mieleka_Tu
Basi ni kosa langu, sikulisema. Ukishaushika mkono usibaki pale. Piga hatua kwa nje, upite nyuma ya kiwiko chake, bega lako lisukume bega lake mpaka akupe mgongo. Ukiwa upande huo, mkono wake wa pili hauna njia ya kukufikia mpaka ageuke mwili mzima, na wewe ndiye unayemzuia asigeuke. Fanyeni polepole mara 50 kabla ya kurudisha kasi, halafu wewe ndiye ushike kalamu.