A-Level historia ya dunia: mwalimu wa nyumbani, masomo ya mtandaoni au vitabu vya mitumba?

MzaziMilimani: Wadau, nisaidieni. Binti yangu anaanza historia ya dunia ya kisasa, A-Level, mwezi wa tisa hapa Kisumu. Pesa niliyo nayo inatosha kitu kimoja: mwalimu wa Jumamosi, masomo ya mtandaoni, au vitabu vya mitumba na mitihani ya miaka iliyopita. Nataka kulipa Ijumaa.

MwalimuKakamega: Silabasi ipi? Kama ni Cambridge, shule imechagua Ulaya, Marekani au mambo ya kimataifa? Bila hilo siwezi kukushauri.

Section58Nakuru: Na bajeti ni ngapi? Nyumbani kuna waifai au ni bando?

MzaziMilimani: Ni Cambridge. Hayo mengine nitamuuliza.

MamaKibuye: Mzazi mwenzangu, mitumba usiguse kabla hujajua namba ya silabasi. Nilinunua vitabu vitatu, elfu tatu na mia tano, visafi, vimepigwa mistari ya penseli vizuri. Kijana akavisoma muhula mzima, usiku na mchana. Siku moja mwalimu akageuza jalada: 9389. Darasa lao lilikuwa 9489. Bismarck, yule kiongozi wa Ujerumani, ni yule yule, lakini mada zimepangwa upya na mtoto ameshajiandaa kwa mtihani usiokuwepo tena. Alikuja nyumbani akajifungia chumbani, hakula. Nilirudi kwa muuzaji, akasema mali ikishatoka hairudi. Hadi leo inaniuma.

MwalimuKakamega: Pole sana, mama. Na kukariri peke yake hakutoshi. Karatasi ya kwanza inampa mtoto vyanzo avipime: nani aliandika, lini, akiwa upande gani. Kwamba Mkataba wa Versailles, wa amani na Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulitiwa saini 28 Juni 1919, wote wanajua. Kazi ni kueleza kwa nini Mjerumani na Mfaransa waliuona tofauti. Mlipe mtu atakayesoma insha zake na kuzirudisha na wino mwekundu.

OmenaDunga: Mtandaoni pia wapo wanaosahihisha. Ila mpeleke gatini kwanza. Juni 1915, katika vita hivyo hivyo, Waingereza walipanda meli hapa Kisumu kwenda kushambulia Bukoba, iliyokuwa ya Wajerumani. Na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Section58Nakuru: Mtihani hauulizi Bukoba.

OmenaDunga: Hata kama. Mtoto anapita hospitali ya Russia kila siku, imejengwa kwa msaada wa Wasovieti, ikafunguliwa 1969. Halafu afundishwe Vita Baridi kana kwamba ni ya Berlin tu?

MamaKibuye: Nilizaliwa Russia. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jina hilo lilitoka wapi.

MwalimuKakamega: Hapo Omena ana haki. Sisi walimu tulilipita.

MzaziMilimani: Nimemuuliza binti, shule haijawaambia ni Ulaya au kimataifa. Ijumaa silipi. Mwalimu, unamjua mtu wa kusahihisha insha huku Kisumu?

MwalimuKakamega: Yupo mmoja Maseno, lakini Jumamosi zake zimejaa. Nitamuuliza kuhusu Jumapili jioni.

Section58Nakuru: Bado hujasema bajeti.