Kijiko kimegoma kuwaka Pongwe: ninunue kontroli boksi au nisubiri?

Kijiko_Pongwe: Wakuu, habari za jioni. Nina kijiko (mtambo wa kuchimbia) cha kukodi machimboni huku Pongwe, Tanga. Ukifungua swichi, dashibodi inawaka vizuri. Ukipiga stata, "tik" moja, taa zinafifia, basi. Betri zote mbili nimechaji na kuzipima, ziko sawa. Fundi anasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya mtambo, imekufa. Kodi inahesabika kila siku na mwenye kazi amenuna. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Dereva_Handeni: Pole kaka. Mimi panya walinikatia waya chini ya kiti, nikahangaika wiki nzima. Fuga paka.

Mama_Makorora: Vijana mnakodi mitambo bila akiba. Marehemu mume wangu alikuwa na tingatinga moja tu, lakini fungu la spea halikuguswa hata Idi ikitukuta mikono mitupu.

FundiUmeme_Gofu: Ndugu, taa zikififia ujue stata inadai umeme na umeme haufiki wa kutosha. Usikimbilie boksi. Kabla hakijagoma mlifanya nini?

Kijiko_Pongwe: Kazi za kawaida tu.

FundiUmeme_Gofu: Kawaida gani? Kuna aliyechomelea?

Kijiko_Pongwe: Ndoo ilipasuka, tukachomelea Jumamosi. Betri hatukufungua, mchomeleaji ni mzoefu. Athi, ule waya wa kurudisha umeme wa kuchomelea, aliibana kwenye chesisi maana ndoo ilijaa tope. Sidhani kama inahusiana. Halafu boksi nimeshalilipia nusu, liko Dar, limetumika ila safi. Ninachouliza ni kama litafanya kazi bila kuingiziwa programu.

Chuda_Boy: Ahaa! Uzi umeanza na betri, sasa tuko kwenye boksi la Dar. Kesho ataweka namba ya simu. Stori ya kutunga hii, huyu dalali. Hata picha hakuna.

Dereva_Handeni: Kweli, hata kodi ya siku hajaitaja.

Kijiko_Pongwe: Dalali wa nini? Njoo Pongwe ukione kilivyolala.

FundiUmeme_Gofu: Hata kama katunga, yupo msomaji ambaye kijiko chake kimelala kweli. Chukua mita, iweke kwenye volti za betri. Waya mweusi gusa kichwa cha hasi chenyewe, si tamino (kibanio cha waya). Mwekundu gusa chuma cha injini kisicho na rangi. Mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, athi ya mtambo, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni mbovu. Mfumo ni wa volti 24. Betri zikijaa zinasoma 25 na ushee zikiwa zimetulia, ndiyo maana kuzipima bila mzigo, stata haijapigwa, kumekupoteza. Hapa pwani chumvi inakula shaba ndani ya plastiki, juu unaona pazima. Na mkichomelea tena: zimeni swichi kuu, fungueni hasi ya betri, athi ibanwe palepale karibu na ufa. Ikiwa mbali, umeme unapita kwenye pini na beringi, na unaweza kuua kontroli.

Kijiko_Pongwe: Mita imesoma volti 7. Waya wa athi kati ya injini na chesisi nimeufungua: nyuzi zimekuwa unga wa kijani, nzima zimebaki chache. Lakini mwenye boksi hataki kurudisha pesa.

Chuda_Boy: Weka picha ya huo unga.

FundiUmeme_Gofu: Nusu iliyobaki usilipe kwanza. Tafuta waya mnene mpya, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, upige stata. Kikiwaka bila kuonyesha kosa lolote kwenye dashibodi, boksi lililomo kwenye kijiko ni zima, la Dar hulihitaji.