Wasemaji milioni moja wa Kiwelshi ifikapo 2050: lengo la kweli au kujidanganya?

Mleta mada: Wakuu, hebu tulijadili hili. Mkakati wa 2017 wa serikali ya Wales, nchi iliyo ndani ya Uingereza (UK), unataka wasemaji milioni moja wa Kiwelshi ifikapo 2050. Sensa ya 2011 ilikuta 562,000, ya 2021 ikakuta 538,000, asilimia 17.8 ya wananchi. Milioni inazidi kwenda mbali.

Mimi napinga lengo lenyewe. Mwaka 1911 walihesabiwa kama 977,000, wengi kuliko sensa nyingine yoyote, ilhali lugha ilikuwa inadidimia: miaka kumi nyuma ilisemwa na karibu nusu ya nchi, mwaka huo wa 1911 asilimia 43.5. Migodi ya makaa ya mawe kusini ilikuwa imevuta watu kutoka kila upande, Waingereza wengi wakiwemo. Vichwa viliongezeka, Kiwelshi kikapungua sokoni na mgodini. Leo tunataka kushangilia idadi tena?

Mdau aliye Cardiff: Mkuu, umeruka jambo kubwa. Walioporomoka 2021 ni watoto. Wa miaka 5 hadi 15 walishuka kutoka asilimia 40.3 hadi 34.3, lakini watu wa miaka 20 hadi 44 walipanda kidogo. Na fomu ya mtoto hujazwa na mzazi! Sensa ilifanyika Machi 21, 2021, baada ya korona kuwafungia watoto nyumbani miezi na miezi. Mzazi asiyejua Kiwelshi, ambaye muda wote huo amemsikia mwanawe akiongea Kiingereza tu, ataweka alama wapi?

Halafu mwaka 1962 Saunders Lewis, mwandishi wa Wales, alionya redioni kwamba mambo yakiendelea vile, lugha itakufa mwanzoni mwa karne ya 21. Haikufa. Vijana waligoma, wakang'oa vibao vya Kiingereza, wakafungwa. Televisheni ya Kiwelshi ikapatikana 1982. Sensa ya 2001 ikaonyesha asilimia 20.8, kutoka 18.7 ya mwaka 1991. Hapa Cardiff, mji mkuu, bado inapanda, tumefika asilimia 12.2. Barabarani wameandika ARAF, yaani "polepole", kwa herufi kubwa, SLOW inafuata chini yake.

Mwalimu mstaafu, Tanga: Kibao hakibembelezi mtoto, mwanangu.

Mdau wa tatu: Mimi nawauliza nyote: kwa nini kulazimishana? Kiwelshi ni somo la lazima hadi miaka 16, na sheria ya 2025 inataka kila mtoto amalize shule akiweza kukitumia. Mzazi aliyehamia juzi kutoka Birmingham, England, amekosa nini?

Mleta mada: Hajakosa kitu. Ila watoto wa Wales karne ya 19 walivishwa kipande cha mbao shingoni wakiteleza kusema lugha ya mama yao shuleni, kwa hiyo neno "kulazimishana" tulipime pande zote mbili.

Mdau wa Cardiff, nakubali hoja ya fomu, tena inanisaidia. Shule inazalisha wanaojua, nyumba ndiyo inazalisha wanaosema. Tazama kaunti ya Carmarthenshire, ngome ya zamani ya Kiwelshi: kutoka asilimia 43.9 hadi 39.9 ndani ya miaka kumi. Kaunti ya Gwynedd bado ina asilimia 64.4, lakini vijijini pwani nyumba zinanunuliwa na watu wa likizo, vijana wa hapo wanashindwa bei na kuondoka. Tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya kodi hadi asilimia 300. Kwangu mimi hiyo ni sera ya lugha kuliko mkakati wote wa milioni.

Mdau aliye Cardiff: Basi tungepima nini badala ya vichwa?

Mleta mada: Nani anamwambia nani nini, jikoni na dukani. Sensa haiulizi hilo. Inauliza kama unaelewa, unasema, unasoma au unaandika Kiwelshi, basi. Na inapofika kwenye lugha yako kuu, fomu ya Wales imeweka Kiingereza na Kiwelshi kwenye kisanduku kimoja.