Shamba la marehemu baba Kinangop: tunaweza kulikodisha kwa mkulima wa viazi kabla ya kufungua saksesheni (kesi ya mirathi)?

NjabiniHadiKahawa

Hamjambo wadau. Shamba ni ekari 6, Kinangop Kusini. Hati miliki bado iko kwa jina la baba aliyefariki 2019, na hakuacha wosia. Mama anaishi hapo na anatumia ekari 2 kwa ng'ombe na mboga. Watoto ni watano, wote watu wazima. Wanne tuko Nairobi, dada mmoja ameolewa Nakuru. Kesi ya mirathi haijafunguliwa.

Kuna mkulima anayetaka kukodi ekari 4 zilizobaki kwa miaka 3 apande viazi. Anatoa shilingi 15,000 kwa ekari kwa mwaka na yuko tayari kulipa 180,000 zote kwa mkupuo. Kaka mkubwa anataka kutia sahihi wiki hii. Ndugu mwingine anasema tugawane kwanza, kila mtu apate hati yake.

Je, kaka ana ruhusa ya kusaini? Dada aliyeolewa anahesabiwa? Na mkataba uandikweje ili shamba lisirudi limechoka?

KaraniWaMirathi

Kaka asisaini. Tangu mzee afariki, shamba hilo halina mtu mwenye mamlaka ya kulikodisha mpaka korti itoe hati ya usimamizi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, Sura 160, kinakataza mtu asiye na hati hiyo kujishughulisha na mali ya marehemu. Ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Juu ya hayo, warithi wenzake wanaweza kumdai. Kuwa kifungua mimba hakumpi nguvu yoyote kisheria. Mama ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kuomba usimamizi, lakini hata yeye lazima aombe.

Anzeni kwa chifu wa eneo la shamba awaandikie barua inayotaja mjane na watoto wote. Hapa ndipo familia nyingi huharibu. Wanaacha majina ya mabinti walioolewa, kesi inapita, hati zinatoka, kisha miaka baadaye binti anajitokeza na korti inabatilisha usimamizi kwa sababu ukweli ulifichwa. Sheria haiweki muda wa mwisho wa kuomba ubatilisho huo. Dada yenu wa Nakuru ana fungu sawa na kaka. Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi katika kesi ya Rono dhidi ya Rono mwaka 2005, na Katiba ya 2010 imelitia nguvu. Kama hataki fungu lake, aseme mwenyewe kwa maandishi mbele ya korti. Nyinyi hamwezi kulikataa kwa niaba yake.

Pamoja na barua ya chifu mtahitaji cheti cha kifo, sachi ya karibuni ya shamba (taarifa ya msajili wa ardhi inayoonyesha mmiliki), nakala za vitambulisho, fomu P&A 80 ya ombi, P&A 5 ya kiapo, na fomu 38 ambayo warithi wasioomba usimamizi wanasaini kuonyesha wamekubali. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 20. Wa vyeo vya chini kikomo chao ni kidogo zaidi, kwa hiyo ulizeni kwanza katika korti ya mji wa Engineer kuna hakimu wa cheo gani. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, na watu wana siku 30 za kupinga. Wasimamizi hawazidi wanne. Kwenu ningeweka mama na watoto wawili, mmoja wa Nairobi na huyo dada wa Nakuru, ili asije akahisi mambo yalipikwa bila yeye.

Hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida mnasubiri miezi 6 kabla ya kuomba korti iithibitishe (ndio uthibitisho). Kabla ya hapo hamruhusiwi kugawa wala kuuza shamba. Lakini mapato yake, ikiwemo kodi ya shamba, mnaweza kuyagawa: kifungu cha 55 kinazuia kugawa mali yenyewe, hakizuii pato. Kwa hiyo mkulima wenu anaweza kuingia kwa msimu mmoja akiwa na mkataba uliosainiwa na wasimamizi wote, na ile miaka 3 ikasubiri uthibitisho.

NjabiniHadiKahawa

Asante sana. Kwa hiyo baada ya uthibitisho kila mmoja anachukua ekari yake?

KaraniWaMirathi

Hapana, na hili mweleze ndugu yako mapema. Mama akiwa hai, kifungu cha 35 kinampa haki ya maisha (kulitumia mpaka afariki) juu ya shamba lote, si zile ekari 2 tu. Watoto wanapata umiliki kamili, sawa kwa sawa, haki hiyo ikiisha. Kuuza shamba katika kipindi hicho kunahitaji ruhusa ya korti hata kama ninyi watano na mama mmekubaliana.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Haki ya mama inakoma siku anayofariki. Mkulima akiwa na sahihi ya mama peke yake, mkataba wake unayumba katikati ya msimu. Watoto wote watano wasaini pamoja naye.

Halafu nendeni kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi, inayotoa kibali cha shughuli za mashamba. Watu wengi hudhani bodi ni ya kuuza tu, ilhali Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, inataja ukodishaji pia. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba usainiwe. Muda ukipita bila kibali, mkataba ni batili na mkulima anaweza kudai pesa zake kama deni. Mkishakula 180,000 mtazitoa wapi? Mwambieni alipe mwaka kwa mwaka. Na mkataba unaozidi miaka 2 ukasajiliwe kwa msajili wa ardhi. Usiposajiliwa, haki ya mkulima haina ulinzi dhidi ya mtu mwingine atakayesajiliwa.

UganiNyanda

Mimi nitaongea udongo, maana mawakili huusahau. Miaka 3 ya viazi mfululizo kwenye kipande kimoja msikubali hata kwa bei mara mbili. Mnyauko wa bakteria ukiingia unakaa ardhini, hauna dawa ya kupulizia, na atakayeachiwa ni nyinyi. Huja kwa mbegu, maji yanayotiririka na majembe yenye udongo.

Andikeni hivi: viazi msimu mmoja, kisha misimu isiyopungua mitatu ya mimea isiyo jamii ya viazi, kama njegere, karoti, kabichi au mahindi. Nyanya ni jamii moja na viazi, zisiingie. Viazi vilivyojiotea ving'olewe, la sivyo mzunguko hauna kazi. Njia rahisi ni kugawa ekari 4 katika vipande vinne vya ekari moja, viazi vihame kipande kila msimu. Kwa misimu miwili kwa mwaka, miaka 3 ni misimu 6, kwa hiyo hakuna kipande kitakachopata viazi zaidi ya mara mbili. Mkulima atalalamika kwamba eneo la viazi ni dogo, na ni haki yake kuomba kodi ipungue. Punguzeni.

Mbegu iwe iliyoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, abaki na lebo na risiti. Ekari moja hula takriban kilo 800, yaani magunia 16 ya kilo 50. Akikuonyesha risiti ya magunia 4, jua zilizobaki ni za sokoni.

Pimeni udongo kabla hajaingia na mpime tena anapotoka, sampuli za vipande vile vile, kina cha sentimita 20. Mbolea ya DAP ikitumika kila msimu inaongeza asidi, kwa hiyo mkataba useme nani ananunua chokaa pH (kipimo cha asidi) ikishuka. Na mkiona mmea umenyauka mchana ukiwa bado kijani, kata shina karibu na udongo, litundikeni kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni bakteria.

Tarehe ya mwisho isiangukie mwezi wa tano mimea ikiwa shambani. Iwekeni baada ya mavuno ya mvua za masika, na semeni viazi vitakavyobaki ardhini ni vya nani.

BikoniTatu

Kuhusu kugawana: kama shamba lina upana wa mita 60 na urefu wa mita 405 hivi, vipande vyote vikapata njia ya mita 6 kwa urefu wote, njia peke yake inakula ekari 0.6. Mkigawa kwa watano haifiki ekari 1.1 kila mtu, kabla ya boma la mama kuhesabiwa. Tena lazima kibali cha kaunti cha kugawa ardhi, kibali cha bodi, mpima mwenye leseni, fomu ya mutesheni (ramani ya mgawanyo), kisha hati tano za kulipia. Bodi ina uwezo wa kukataa mgawanyo ikiona utapunguza uzalishaji, na mkulima wa viazi hakodi ekari moja moja kwa watu watano wanaogombana.

Zamu ya watoto ikifika, sajilini hati moja kwa umiliki wa pamoja wenye mafungu, moja kwa tano kila mmoja. Fungu la anayefariki linakwenda kwa warithi wake, haliwarudii ndugu. Anayetaka kutoka awauzie wenzake kwanza. Hilo liandikwe na lisainiwe mbele ya shahidi mapema, kabla bei haijawagombanisha.

Na huyo mkulima, hata kwa msimu mmoja, asiingie bila karatasi na risiti za kodi. Anayekaa kwa ruhusa na kulipa kodi hawezi kudai ardhi kwa kuikalia miaka 12. Bila karatasi, mtakuwa mkithibitisha ruhusa hiyo kwa mashahidi, na mashahidi wanazeeka. Bikoni (alama za mipaka) nazo mzipige picha kabla trekta haijaingia.