Filamu za zamani ama za sasa?

Swali: Wazee wa muvi, jana nimerudia The African Queen ya 1951, ile ya Bogart na Hepburn, sehemu yake walipiga huku kwetu Uganda na Kongo, yaani ule msitu unaona ni wa kweli kabisa, siku hizi kila kitu ni kompyuta tu. Ni mimi peke yangu?

Jibu: Hauko peke yako ndugu. Bogart alipata Oscar kwa hiyo.

Jibu: Mi nakataa. Who Killed Captain Alex? ya 2010 mwongozaji Nabwana aliitengeneza Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa kompyuta alizounga mwenyewe na bado ina moyo!

Jibu: Shida ni stori, mwaka hauna neno. Queen of Katwe nililia sana.