Naomba ushauri: mapenzi yaonekane vipi kwenye filamu bila kusemwa?

Wakuu, habari zenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nahariri filamu fupi ya dakika 18 niliyoipiga Tanga kwa hela yangu. Ni ya fundi baiskeli na dada muuza maandazi, marafiki wa miaka mingi, na urafiki wao unageuka mapenzi polepole. Hakuna busu wala machozi. Watu watano nimewaonyesha, wote wananiuliza, "Kwani wanapendana?" Imeniuma sana.

Nimejaribu kuweka muziki, ikawa kama tangazo la biashara, nikautoa. Nikarefusha pale dada anapomfuta kijana grisi shavuni kwa pindo la khanga, halafu mkono unachelewa kushuka. Kwangu filamu nzima iko hapo, ila watazamaji wanapapita tu.

Ninayoipenda ya aina hii ni Once (2007) ya John Carney, iliyopigwa Dublin kwa siku 17. Kuna mahali mwanamke anamwambia mwenzake kwa Kicheki kwamba anampenda, na mtazamaji hapewi tafsiri. Nami nina sentensi moja ya Kisambaa ambayo kijana haielewi.

Sasa naomba mnisaidie: hiyo sentensi niiache bila maandishi ya tafsiri, au nitazidi kuwapoteza watu? Na ule mkono, niusogeze karibu ujaze skrini, au ubaki kwa mbali kama ulivyo, na mlio wa gurudumu tu? Natakiwa kuikabidhi Ijumaa ijayo.